Safu ya Tisini na Tisa

Mlango wa nyuma wa Kituo cha Ajira cha Lusonge haukuwa mlango wa wateja. Ulikuwa wa kutolea takataka na kuingizia madumu ya maji. Kwa hiyo Jumanne ile, saa nne asubuhi, mwanamke mnene aliyevaa buti za mpira zenye tope alipoingia kwa mlango huo na kuweka mzigo uliofungwa kwenye kanga juu ya meza ya Mwanaidi Kiangio, Mwanaidi alidhani amekuja kuuza kitu.

"Shikamoo mama. Leo hatununui," alisema bila kuinua macho.

"Marahaba. Siuzi."

"Basi zunguka mbele, upite mlango wa wateja. Darubini ikikuita utaona namba yako."

"Mlango wa mbele umenikataa. Nimeuwekea kadi mara tatu, ukaniambia nisubiri barua siku tisini." Yule mwanamke alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Nikajiuliza, hii ofisi ya kutafutia watu kazi, halafu asiye na kazi hafunguliwi. Nikatafuta mlango mwingine."

Mwanaidi akainua macho. Pembeni mwa kioo cha kompyuta yake saa ilikuwa inahesabu: dakika nne zimekwenda kati ya saba alizopewa kwa kila mteja, na mteja halali, kijana mwenye shati la mikono mifupi, alikuwa bado amekaa mbele yake akiwatazama wote wawili kama anayeangalia mpira.

"Kadi yako ina rangi gani, mama?"

"Jana asubuhi ilikuwa kijani. Saa tatu ikawa hivi." Akaitoa. Ilikuwa ya kijivu, rangi ya jivu la mkaa.

Kila Jumatatu saa tatu Darubini, mashine ya serikali ya kutabiri ajira, ilitoa Orodha. Kazi ambayo mashine iliona itahitajika miaka mitano ijayo ilibaki kijani. Iliyoanza kuchakaa ikawa njano, na mwenye nayo akaandikiwa mafunzo mapya. Iliyokufa ikawa kijivu, na siku hiyohiyo kufuli zote za sehemu za kazi zikaacha kumtambua mwenye kadi. Utaratibu wenyewe ulikuwa na nia njema. Mwanaidi aliusoma chuoni, akaupenda, na akaandika kurasa themanini za kuusifu: serikali isiyosubiri watu wapoteze kazi ndipo ishtuke, inayotazama mbele na kumwandaa mtu mapema. Alitoka Tanga kuja bonde la Kilombero kwa ajili ya ndoto hiyo. Miaka mitatu baadaye bado aliiamini, ila siku hizi alikuwa anaiamini huku ameuma meno.

Alimwomba radhi kijana wa shati, akamaliza shida yake kwa dakika nane na nusu, kisha akageuka.

"Haya mama. Umebeba nini?"

Mwanamke akafungua kanga. Ndani mlikuwa na gurudumu la chuma lenye mapanga, lile linalozunguka ndani ya pampu na kusukuma maji. Kingo zake zilikuwa zimeliwa, nyembamba na zenye meno, kama jani lililopitiwa na viwavi.

"Hili limetoka pampu namba mbili, skimu ya mpunga ya Msangule. Mchanga ndio umelila. Namba tatu inaelekea hukohuko. Nimeisikia."

"Umeisikia?"

"Inakohoa. Vile vidude vya kupimia walivyovifunga vinasema ni nzima, asilimia tisini na nne. Mimi nasema haifiki wiki mbili. Na miche ya watu mia sita ndiyo kwanza imeshika. Wiki bila maji, imekwisha. Sasa kile chumba cha pampu hakinifungulii. Nimesimama nje kama mwizi, nasikia inakohoa, siwezi kuingia."

Mwanaidi akaweka kadi juu ya kioo. Maandishi yakajitokeza.

*Leokadia Matimbwa. Umri: 54. Kazi: 99, Nyinginezo. Hali: imekoma.*

"Nyinginezo?" Mwanaidi alikunja uso. "Nani alikuandikisha hivi? Wewe ni fundi. Huyu aliyeandika alikuwa anafikiria nini?"

Akagusa sehemu ya chini kuona jina la mwandikaji.

*Mwandikaji: M. Kiangio.*

"Ni wewe," alisema Leokadia bila kisasi. "Nilikukumbuka tangu nilipoingia. Ulikuwa umesuka mabutu wakati ule. Ukaniuliza, mama unafanya kazi gani. Nikakujibu, nasaidia saidia tu pale kwenye pampu. Ukabonyeza. Ulikuwa na watu wengi."

"Hukuniambia wewe ni fundi."

"Hukunisomea ulichoandika. Mimi nilijua umeandika pampu."

Nje, spika ya mlango wa mbele ilimwita mteja mwingine kwa sauti yake tamu isiyochoka.

Ilikuwepo fomu. Mwanaidi aliijua kwa jina, kama mtu anavyojua jina la mlima ambao hajaupanda: Fomu ya Ujuzi Usiosajiliwa. Kupitia hiyo, kazi ambayo Darubini haikuijua ingeweza kuelezwa hatua kwa hatua, si chini ya hatua arobaini, kwa maneno ya anayeifanya. Fomu ikipokelewa, kadi ya kijivu ingegeuka njano papo hapo na kufuli zingefunguka wakati uchunguzi ukiendelea. Ilikuwa inachukua saa tatu au nne. Tangu kituo kifunguliwe, hakuna aliyewahi kuijaza.

"Leo nina watu arobaini," alisema. "Njoo Ijumaa saa nane. Darubini inafunga mapokezi saa kumi na mbili jioni. Nitaiandika kazi yako yote. Na safari hii nitakusomea kila neno kabla sijatuma."

Leokadia alilifunga gurudumu lake taratibu, kisha akalifungua tena, akaliacha pale mezani.

"Watu wa ofisi huwa mnasema," alisema.

"Nimesema, mama."

"Haya. Hilo likae hapa likukumbushe." Akatoka alikoingilia, akiacha madonge ya tope sakafuni.

*

Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, Mwanaidi alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliiomba mashine imtolee wateja wote aliowaandikisha yeye mwenyewe tangu aajiriwe, kisha ichuje waliopewa namba tisini na tisa.

Walikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na sita.

Alilitazama jibu hilo huku ubwabwa ukipoa. Kisha akaanza kusikiliza kumbukumbu za sauti, moja baada ya nyingine. *Unafanya kazi gani, baba? Nabangaiza tu, mwanangu. Na wewe dada? Mimi nipo nipo tu, nashona shona. Kaka? Aa, vibarua tu vya hapa na pale.* Huyo wa vibarua, alipomfuatilia kwenye kumbukumbu nyingine, alikuwa ndiye mtu pekee wilaya nzima aliyejua kuunga nyaya za chini ya ardhi zilizoliwa na panya. Yule wa kushona shona alikuwa anatengeneza mifuko ya kuchuja maji kwa zahanati tano.

Hakuna aliyesema uongo. Ndivyo watu walivyolelewa. Mtu anayesimama mbele ya karani na kuanza kujisifu ujuzi wake anaonekana hana adabu, na karani anayemweka mtu dakika ishirini kumhoji, huku wengine wamepanga foleni wanatazama, naye anaonekana ana dharau. Kwa hiyo mteja alijishusha, karani akamsitiri kwa kumaliza haraka, wakaagana vizuri. Na Darubini, ambayo haikulelewa na mtu yeyote, iliandika kama ilivyoambiwa. Ilikusanya safu ya tisini na tisa, ikaona watu wasiojua chochote maalumu, ikapiga hesabu zake za miaka mitano, ikahitimisha kwamba kazi za kutengeneza vitu zinatoweka nchini.

Kisha ikaagiza watu wafundishwe kuwa waangalizi wa vioo, wa kukaa na kutazama takwimu za mashine.

"Da' Mwana, ubwabwa huo unaula au unauombea?" Deogratias, karani wa meza ya pili, alikuwa anapita na chai.

"Deo, wewe una tisini na tisa wangapi?"

"Swali gani hilo wakati watu wanakula?"

"Wangapi?"

"Sijahesabu, na sitahesabu. Nani alikufundisha ukiwa mgeni? Mimi. Nilikuambiaje? Usipoielewa kazi ya mtu, bonyeza tisini na tisa, watu wanasubiri. Mimi nilifundishwa hivyo na aliyenitangulia. Sasa unataka tumfufue yeye tumuulize?"

Mwanaidi aliinuka, akachukua lile gurudumu lililoliwa, akaenda nalo kwa mkuu wa kituo.

Bwana Fulgensi Lyaupe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye tabia ya kuvua miwani na kuifuta kila alipoletewa jambo la kweli. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaifuta miwani.

"Elfu mbili mia tatu," alisema. "Wa kwako peke yako."

"Ndiyo, mkuu."

"Tuna makarani sita. Na vituo kama hiki viko zaidi ya mia nchini." Akaivaa miwani, akaivua tena. "Ukiituma fomu moja, Darubini itauliza kwa nini kazi hii haikuonekana. Halafu itauliza kuhusu nyingine."

"Si ndiyo vizuri? Tumewekwa hapa kwa kazi gani? Tunawaandaa watu kwa ajili ya kesho, mkuu, na hata leo yao hatuijui. Tumeifundisha mashine uongo kwa sababu ya haraka na heshima, sasa inaturudishia uongo wetu kila Jumatatu na sisi tunaupigia makofi."

"Usinihutubie, Mwanaidi. Mimi nilikuwa nahutubia kabla hujazaliwa." Alisema bila ukali. "Nisikilize. Mkataba wako unaisha Ijumaa hii saa kumi na mbili. Kuhuishwa unatakiwa ufikishe wateja mia mbili na hamsini kwa wiki. Usipofikisha, hauhuishwi. Na si mimi ninayehesabu. Darubini inakuhesabu wewe, inanihesabu mimi, na siku moja itamhesabu hata aliyeinunua."

"Fomu ile inahesabiwa wateja wangapi?"

"Mmoja."

"Saa nne, mteja mmoja."

"Mmoja. Sikukatazi, binti yangu. Nakuhesabia tu mapema, usije kusema sikukuambia." Akalisogeza lile gurudumu kwa kidole. "Na hili liondoe mezani kwangu, linatoa kutu."

*

Kuanzia hapo Mwanaidi alifanya kazi kama anayekimbizwa. Alhamisi hakula. Ijumaa alifika saa moja na nusu, akawachukua watu mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliyejibu "nabangaiza tu" alimtia uchungu mpya, kwa sababu hakuwa na muda wa kumuuliza la pili. Alibonyeza tisini na tisa mara kumi na moja asubuhi ile, huku akijua. Hilo lilimuuma kuliko zile elfu mbili alizobonyeza bila kujua.

Saa nane kasoro alikuwa amefikisha mia mbili arobaini na tano. Saa nane Leokadia aliingia kwa mlango wa nyuma, safari hii ameosha buti, mkononi ameshika mwiko mkubwa wa kusongea ugali.

"Namba tatu?" Mwanaidi aliuliza.

"Inakohoa na kupumzika, inakohoa na kupumzika. Si dalili nzuri." Akakaa. "Haya, niulize."

Mwanaidi akafungua fomu. Saa ya pembeni ilianza kuhesabu na haikusimama tena.

"Hatua ya kwanza. Unapofika kwenye pampu unafanya nini?"

"Naiangalia tu."

"Unaangalia nini?"

"Kama iko sawa."

"Unajuaje kama iko sawa?"

"Unajua tu."

Mwanaidi akaweka mikono yote miwili juu ya meza. "Mama, nakuomba. Neno 'tu' halina nafasi kwenye fomu hii. Kila ukisema 'tu', kuna kitu umekificha nyuma yake. Umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Ishirini na nane. Lakini si kwamba mimi ni fundi wa kusomea. Mafundi wenyewe wapo, mimi nawasaidia…"

"Hao mafundi wenyewe, pampu ikikohoa wanampigia nani simu?"

Leokadia alitazama buti zake. "Mimi."

"Basi twende."

Ilikuwa kama kung'oa muhogo kwenye ardhi kavu. Saa nzima ya kwanza walipata hatua sita. Mwanaidi aliuliza, Leokadia akajishusha, Mwanaidi akauliza tena. Mara mbili alitamani kupiga kelele. Deogratias alipita akanong'ona, "Da' Mwana, unaandika fomu au wosia?"

Kilichofungua njia ni mwiko. Mwanaidi, kwa kuchoka, alimuuliza kwa nini ameubeba.

"Wa kusikilizia," alisema Leokadia, kama jambo ambalo kila mtu analijua. Akauegemeza mwiko kwenye ubavu wa mashine ya kupozea hewa iliyokuwa imesimama pembeni ya meza, upande bapa ukiwa kwenye bati, mwisho wa mpini ukiwa kwenye mfupa nyuma ya sikio. Akafumba macho. Uso wake ukabadilika. Ghafla hakuwa tena mama aliyekuja kuomba. "Hii yenu ina beringi imekauka upande wa kulia. Inapiga mluzi mwembamba, unaupata? Njoo."

Mwanaidi aliinama akaweka sikio. Mwanzoni alisikia mngurumo mmoja. Kisha, chini ya mngurumo, kweli palikuwa na uzi mwembamba wa sauti, kama mbu aliye chumba cha pili.

"Mluzi ni beringi," Leokadia alisema, na sasa maneno yalikuja yenyewe. "Changarawe, kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo, hiyo pampu inakosa maji ya kutosha na inajila yenyewe. Kishindo cha polepole, dum, dum, mhimili umepinda. Na pale mhimili unapotokea nje, maji lazima yadondoke, matone arobaini kwa dakika. Vidude vyao vikiona tone vinasema pampu inavuja, wanaikaza. Ukiikaza ikakauka kabisa, inajichoma. Namba mbili, juu ya kuliwa na mchanga, waliikaza pia. Ndiyo nikawaambia…"

"Taratibu, mama, taratibu." Mwanaidi alikuwa anaandika kwa vidole vyote. "Matone arobaini. Endelea."

Hatua ya kumi na mbili. Ya ishirini. Ya thelathini. Alijua mchanga wa masika unavyotofautiana na wa vuli kwa kuusugua kati ya vidole. Alijua kuitambua pampu itakayokufa wiki mbili kabla. Hakuna hata kimoja kati ya hayo kilichokuwa kwenye mtaala wa waangalizi wa vioo, na Mwanaidi aliandika huku hasira na furaha vikipokezana kifuani mwake, maana ujuzi huu wote ulipita mbele ya meza yake miaka mitatu iliyopita na yeye akautia kwenye safu ya takataka.

Hatua ya arobaini na moja ilikamilika saa kumi na moja na dakika thelathini na moja jioni.

*

Kwenye benchi walibaki wateja wanne, wote wameandikiwa meza ya Mwanaidi. Fomu ya Leokadia, ikitumwa, ingekuwa mteja wa mia mbili arobaini na sita. Wanne wale ndio mia mbili na hamsini kamili. Dakika saba kwa kila mmoja ni ishirini na nane. Zilikuwa zimebaki ishirini na tisa.

Deogratias naye alikuwa ameipiga hesabu hiyo. Alikuja na kuinama karibu.

"Tuma," alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa anatania. "Tuma sasa hivi, waite hao wanne. Inatosha kabisa. Jumatatu uko hapa, utawasaidia wengine wote elfu mbili. Ukiwa nje utamsaidia nani?"

Lilikuwa swali zuri. Mwanaidi alikuwa amejiuliza hilohilo tangu Jumatano. Kidole chake kilikuwa tayari kimefika juu ya neno *Tuma*.

Leokadia alikuwa ameweka mikono magotini, uso umeelekea kwenye kioo, akisubiri. Hakusubiri kama mtu anayedai. Alikuwa mtu aliyezoea kuona ofisi zinabonyeza, na alikuwa tayari kulipokea hata hilo, na kushukuru, na kuondoka kwa mlango wa nyuma.

Mwanaidi akaondoa kidole. Akasimama, akaenda kwenye benchi.

"Ndugu zangu, naomba radhi. Sitawafikia leo. Nina kazi ya mama huyu, nilimwahidi kumsomea. Mtapangiwa Jumatatu asubuhi, mtakuwa wa kwanza."

"Dada, sisi tumekaa hapa tangu saa saba," alisema mwanaume mmoja mwembamba mwenye mkoba wa turubai. "Nimekuja na pikipiki ya kukodi. Mbona yeye amechukua saa nne peke yake? Yeye ni nani?"

"Ni fundi wa pampu. Mimi ndiye niliyemkosea. Na wewe nimekukosea leo, nakiri. Una haki ya kukasirika."

"Nimekasirika," alisema yule mwanaume. Lakini hakuondoka. Wenzake watatu walichukua vitu vyao wakatoka wakinung'unika, na Mwanaidi aliyasikia manung'uniko yao mpaka mlangoni.

Alirudi mezani, akakaa, akaanza kusoma.

Alisoma kwa sauti, bila kukimbia. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Leokadia alisikiliza kama anavyosikiliza chuma, macho ameyafumba. Mara kwa mara alitikisa kichwa. Saa ilisogea kwenye dakika ya arobaini.

"Hatua ya kumi na saba," Mwanaidi alisoma. "Ikisikika sauti ya changarawe, punguza koki ya kuingizia maji polepole mpaka…"

"Hapana."

"Umesema koki."

"Ya kutolea. Ukibana ya kuingizia, pampu ambayo tayari ina kiu unaizidishia kiu. Inakufa hapo hapo, hata dakika kumi haimalizi." Leokadia alifumbua macho. "Umeandika ya kuingizia?"

Mwanaidi alilitazama neno hilo. Ndiyo. Lilikuwa pale, limeandikwa vizuri, tayari kwenda kwenye mashine ambayo ingelifundisha kwa kila skimu nchini.

Deogratias, aliyekuwa amesimama nyuma, alikohoa kidogo kisha akaenda kukaa kwenye meza yake.

Mwanaidi alifuta, akaandika *ya kutolea*, akamsomea tena hatua nzima. Kisha ya kumi na nane. Yule mwanaume wa mkoba alikuwa amesogea mpaka kiti cha karibu. Ilipofika hatua ya matone arobaini aliguna, akasema kwa sauti ya kujisemea, "Kumbe."

Saa kumi na moja na dakika hamsini na sita alimaliza ya arobaini na moja. Likabaki pengo moja juu kabisa, pale fomu ilipotaka jina la kazi.

"Tuandikeje, mama?"

Leokadia alifikiri. Mdomo wake ulianza kuunda neno, na Mwanaidi akaliona linakuja, lile la kusaidia saidia. Kisha mdomo ukafungika, ukafunguka upya.

"Msikilizaji wa pampu," alisema.

Mwanaidi aliliandika. Alimsomea hilo pia. Kisha akatuma.

Kadi iliyokuwa juu ya kioo ilibaki kijivu kwa muda wa pumzi mbili, tatu. Halafu ukingo wake ukaanza kupata rangi, na rangi ikatambaa mpaka katikati, njano kama kiini cha yai. Leokadia aliiokota, akaigeuza huku na huku.

"Umenisomea," alisema.

"Nilisema, mama."

Mkono mzito wenye sugu ulishika wa Mwanaidi, ukaukaza kidogo, ukauacha. Leokadia akachukua mwiko wake na lile gurudumu lake, akaelekea mlango wa nyuma kwa mazoea. Katikati ya chumba akasimama. Akageuka, akaenda mlango wa mbele, akainua kadi. Mlango ukafunguka. Wakamsikia akienda upesi, buti zikipiga kwenye lami, kuelekea kwenye pampu namba tatu.

"Na mimi," alisema yule mwanaume wa mkoba. "Mwaka juzi niliulizwa hapa hapa, nikasema nabangaiza tu. Jumatatu nikija, wewe utakuwepo?"

Saa kumi na mbili ilikuwa imetimia, na kioo kilikuwa kimejibu kabla yake. *Wateja: 246. Mkataba umefungwa.* Chini yake, mstari wa mwisho ulimshukuru kwa mchango wake.

"Sitakuwepo," Mwanaidi alisema. "Lakini usiseme nabangaiza. Mwambie huyo kaka pale unachokifanya, chote, na umwambie akusomee."

Deogratias hakugeuka, ila alivuta karatasi, akaandika kitu. "Jina lako nani, ndugu?" aliuliza.

Mwanaidi alikusanya kikombe chake, kalamu mbili na sanduku la chakula. Aliuwekea mlango wa mbele kadi yake mara moja, akajua kabla haujasema kwamba umemkataa. Mara ya pili hakujaribu. Akapita katikati ya meza, akaivuka korido yenye madumu ya maji, akikanyaga tope la Jumanne lililokauka ambalo mfagizi alikuwa bado hajalifikia, akasukuma mlango wa nyuma, akatoka.